Mswada Ukishatumwa: Haki na Adabu ya Kuuondoa Jaridani

(Hotuba kwa wanafunzi wa uzamili na uzamifu, Nairobi)

Mwenyekiti wa kikao, wahadhiri wenzangu, wanafunzi wetu, mabibi na mabwana, hamjambo?

Nashukuru kwa mwaliko. Nawashukuru zaidi nyinyi mlioamka Jumamosi, wengine mkapanda matatu kutoka Juja, Kikuyu na Ongata Rongai, mje kusikiliza habari za makala ambazo hazitachapishwa. Semina zetu nyingi hapa Nairobi hufundisha namna ya kutuma makala. Namna ya kuichukua tena baada ya kuituma haifundishwi, na mimi niliye mhariri wa jarida dogo la lugha na fasihi huyaona matokeo yake kila msimu.

Mswada unaingia. Naupitia, naona una uzito, nautafutia wasomaji wawili, yaani wataalamu wa kuutathmini. Kuwapata wasomaji ni kazi ya kubembeleza: hawalipwi, wana mitihani ya kusahihisha, wana tasnifu za wanafunzi wao zimerundikana mezani. Mwishowe ripoti zinarudi, kurasa mbili tatu za ushauri wa maana. Namtumia mwandishi. Kimya. Namkumbusha. Kimya. Baadaye naiona makala ileile imechapishwa kwingine, imerekebishwa vizuri kabisa kwa kufuata ushauri wa wasomaji wangu, na hakuna aliyeniambia neno. Ni mpangaji aliyehama usiku; keateka, mwangalizi wa nyumba, anaamka asubuhi, anakuta mlango wazi na nyumba tupu.

Naona wengine mnacheka, na wengine mnaangalia chini. Sitataja jina la mtu.

Jambo nililokuja kusema ni hili. Mswada hautoki jaridani kwa sababu umeamua hivyo moyoni mwako, wala kwa sababu umeacha kujibu baruapepe. Unatoka siku mhariri anapokujibu kwa maandishi kwamba umetoka. Hadi siku hiyo, uko palepale ulipouweka, hata kama hasira zimekupanda na umekwisha kuapa kwamba hutawaandikia tena watu wale.

Nianze na hofu ya wengi, kwamba ukishabonyeza kitufe cha kutuma, makala si yako tena. Ni yako. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema wazi kuwa hakimiliki haihamishwi kwa mtu mwingine ila kwa maandishi yaliyotiwa saini na mwenyewe au kwa niaba yake. Kutuma mswada ni kuomba usomwe. Fomu ya kuhamisha haki huja baadaye, kwa kawaida makala inapokubaliwa, na majarida mengine hayakuombi hata uhamishe hakimiliki bali leseni tu ya kuchapisha. Kwa hiyo kabla ya saini hiyo, haki ya kuuondoa mswada unayo, na mhariri hawezi kukushikia kazi yako kama rehani. Ila siku ile ulipotuma, ulitia alama kwenye kisanduku kidogo kinachosema kwamba makala hii haiko mbele ya jarida lingine. Wengi hukitia alama bila kukisoma, kama tunavyokubali masharti ya programu za simu. Hiyo ni ahadi, nayo inakufunga hadi utakapofunguliwa.

Hapo ndipo ugonjwa wetu mkubwa unapoanzia, ugonjwa wa kutuma makala moja mahali pawili. Naielewa sababu yake. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipotoa viwango vyake mwaka wa 2014, mwanafunzi wa uzamifu alitakiwa awe na makala mbili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu kabla ya kuhitimu, na wa uzamili makala moja. Karo inaongezeka kila muhula unaochelewa. Jarida la kwanza limenyamaza. Basi mtu anatuma kwa la pili, na la tatu, akiwaza kwamba litakalotangulia kujibu ndilo atakalolichukua, na mengine atayaandikia barua ya kuondoa. Wahenga walituonya kuhusu mshika mbili, kwamba moja humponyoka. Katika uchapishaji wa kitaaluma humponyoka zote.

Nitawaambia kwa nini. Taaluma zetu ni ndogo. Anayeijua vyema ngonjera, au mofolojia ya kitenzi, au mashairi ya Lamu, ni mtu mmoja au wawili katika Afrika Mashariki nzima. Jarida la Dar es Salaam likitafuta msomaji, litamwandikia yeye. Jarida la Nairobi likitafuta msomaji, litamwandikia yeye yule yule. Anafungua baruapepe asubuhi na kukuta mswada mmoja umemjia kutoka milango miwili. Atawaandikia wahariri wote wawili, na majarida yote mawili yatakukataa siku moja. Katika tiba na sayansi, ambako wasomaji ni wengi, majarida yana programu za kulinganisha maandishi. Kwetu programu yenyewe ni Profesa fulani, na kumbukumbu zake ni kali kuliko kompyuta.

Kuna kipengele ambacho wengi wenu mnaoandika kwa Kiswahili hamkijui. Mapendekezo ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, yanayofuatwa hata na majarida mengi yasiyohusika na kamati hiyo, yanakataza kuwasilisha mswada mmoja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja, *hata kama ni kwa lugha tofauti*. Kwa hiyo ile hila ya kutuma kwa Kiswahili Dar na kwa Kiingereza London, ukidhani ni makala mbili, haipiti. Kuchapisha kwa lugha ya pili kunaruhusiwa, na mimi napenda sana jambo hilo kwa sababu utafiti wetu unapaswa kuwafikia watu kwa lugha yao. Lakini huja baadaye: toleo la kwanza limetoka, wahariri wote wawili wamekubali, na toleo la pili linamtajia msomaji lile la kwanza. Aliyetuma yote mawili kwa pamoja hana budi kuliondoa moja mara moja na kuwaeleza wahariri sababu halisi.

Mtu ataniuliza, na kuchelewa je? Mhariri akikaa na mswada wangu hadi watoto waanze shule? Malalamiko haya ni ya haki. Sisi wahariri tuna makosa mengi, na kubwa ni ukimya wetu. Ushauri wangu ni kwamba barua ya kwanza iwe ya kuulizia. Uliza mswada uko hatua gani, na je, wasomaji wamepatikana? Mara nyingi utagundua kwamba ripoti moja iko tayari na ya pili inasubiriwa wiki hii. Ukiondoka sasa unaanza upya kwingine kutoka sifuri. Usipojibiwa, andika ya pili na utaje tarehe: nisipopata jibu kufikia siku fulani, nitaomba kuuondoa mswada. Tarehe ikifika, ondoa. Kuchelewa kupita kiasi ni sababu halali, na mhariri mwenye akili atakuomba radhi.

Sababu nyingine halali ni kosa katika kazi. Umerudia hesabu zako ukaona jedwali halisimami. Au umegundua kwamba idhini ya kamati ya maadili haikugusa mahojiano uliyofanya na watoto wa shule, au kibali chako cha NACOSTI, tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti, kilikuwa kimekwisha muda ulipoingia nyanjani. Usingoje wasomaji wakukamate. Uondoe mswada, rekebisha palipovunjika, na kama hapawezi kurekebishwa, basi. Anayeondoa makala kwa kosa aliloliona mwenyewe simwekei alama mbaya. Akileta nyingine naisoma kwa moyo mweupe, pengine mweupe kuliko kawaida.

Sababu isiyo halali mnaijua: umepata ripoti za wasomaji wetu bure, ukaona makala imenona, sasa unataka kuipeleka jarida lenye jina kubwa. Hakuna askari atakayekuja kukukamata kwa hilo. Lakini watu wawili wametumia Jumapili zao kwa ajili yako, na watakapoiona makala hiyo kwingine watalikumbuka jina lako siku maombi yako ya kupandishwa cheo yatakapowafikia. Nairobi ni kubwa kwa watu wa matatu. Kwa wasomi ni kijiji.

Barua yenyewe ni fupi. Haihitaji kurasa za unyenyekevu, na nawasihi mwache ile “kutokana na sababu zisizoepukika”. Hiyo tuwaachie wanaoahirisha harambee. Andikeni hivi:

“Kwa Mhariri. Tunaomba kuuondoa mswada namba fulani, wenye kichwa fulani, tuliouwasilisha tarehe fulani. Tumegundua kosa katika data za jedwali la pili, nalo linagusa hitimisho letu. Waandishi wote wameafiki na wamenakiliwa katika barua hii. Tunakushukuru wewe na wasomaji wako. Tafadhali tuthibitishie kwa maandishi kwamba mswada umeondolewa.”

Imetosha. Namba ya mswada isikosekane, kwa maana mhariri ana miswada mingi na pengine wewe mwenyewe una miwili kwake. Itumwe kwa anwani ya jarida, si kwa WhatsApp ya mhariri unayemfahamu. Na kama jarida linatumia mfumo wa mtandaoni, ingia baada ya kujibiwa uangalie kama hali ya mswada imebadilika. Nimeona mhariri anakubali kwa barua, msaidizi anasahau kubadilisha mfumoni, na mswada unaendelea kusomwa na watu wasiojua kwamba mwenyewe ameondoka.

Nimesema “waandishi wote wameafiki”, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pana majungu.

Mwanafunzi ananiandikia kwamba anaondoa makala. Jina la pili kwenye makala ni la msimamizi wake. Nampigia Profesa simu, hana habari. Kumbe wamekosana kuhusu nani awe mwandishi wa kwanza, na mwanafunzi ameona njia ya mkato ni kuichomoa makala na kuituma kwingine na jina moja tu. Au kinyume chake: msimamizi anaondoa makala ya mwanafunzi kwa sababu hakupendezwa na mpangilio wa majina, na mwanafunzi anapata habari kutoka kwangu. Mhariri mwangalifu hafungui mlango kwa ufunguo wa mtu mmoja. Ataomba idhini ya kila aliyetajwa, na wakivutana, mswada utasimama ulipo hadi wapatane au chuo chao kiwapatanishe. Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, maarufu kama COPE, iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 1997, huwashauri wahariri wasigeuke mahakama ya ugomvi wa waandishi, bali waurudishe kwa taasisi husika. Nami nawashukuru kwa ushauri huo, maana ugomvi wa majina ukiusikiliza simu haitapoa.

Mwanafunzi anayeogopa kumkabili Prof ana kwa ana na amwandikie. “Prof, habari za asubuhi. Nimeona tatizo katika data na naomba tuondoe makala kabla haijaenda mbali.” Mengi yanayoonekana kuwa vita ni ukimya wa wiki tatu tu.

Makala ikishachapishwa, mambo hubadilika. Hapo huondoi tena. Unaomba jarida lisahihishe, au libatilishe. Uamuzi ni wa mhariri, na makala haifutiki: hubaki pale pale ikiwa na tangazo kwamba imebatilishwa, ili yeyote aliyeinukuu ajue. Frances Arnold, aliyepata Nobeli ya Kemia mwaka wa 2018, alitangaza mwenyewe Januari 2020 kwamba makala yao ya mwaka uliotangulia katika jarida la *Science* inabatilishwa kwa sababu matokeo hayakuweza kurudiwa. Hakuna aliyempokonya tuzo.

Mfano wa pili unatugusa Waafrika. Tarehe 22 Mei 2020, jarida la *The Lancet* lilichapisha makala kuhusu dawa ya haidroksiklorokwini kwa wagonjwa wa Korona, ikidai data za wagonjwa zaidi ya 96,000 kutoka hospitali 671 duniani, zilizokusanywa na kampuni ya Surgisphere. Wataalamu walioisoma walishtuka kwa mengi, mojawapo likiwa idadi ya wagonjwa wa Afrika: hospitali zetu ngapi, mwezi ule wa Machi na Aprili, zilikuwa na rekodi za kielektroniki za kina namna hiyo? Anayejua faili za manila zinavyobebwa kwapani katika wodi zetu angecheka. Kampuni ilikataa kuwapa wakaguzi huru data kamili. Tarehe 4 Juni, waandishi watatu kati ya wanne waliomba makala ibatilishwe. Wa nne ndiye aliyekuwa mwenye kampuni. Wale watatu hawakuwa wameziona data zenyewe kabla ya kutia majina yao. Kama kuna mwandishi mwenza hapa ambaye hajaiona data ya makala yenye jina lake, wakati wa kuiomba ni sasa, mswada ukiwa bado unaweza kuondolewa kwa barua ya mistari sita.

Sasa nije kwa matapeli, maana najua ndio waliowaleta wengi wenu.

Mmetumiwa baruapepe: “Mpendwa Profesa Mheshimiwa.” Hujamaliza hata uzamili na umekwisha kuwa profesa mheshimiwa. Umetuma makala, imekubaliwa ndani ya siku chache bila koma moja kuguswa, halafu ankara ya dola inakuja. Unashtuka, unaandika kuomba kuiondoa. Unajibiwa kwamba kuondoa pia kunalipiwa, la sivyo itachapishwa na jina lako litaripotiwa.

Mwaka wa 2016, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilifungulia mashtaka kundi la kampuni za OMICS, lenye makao Hyderabad, India. Miongoni mwa madai yake ni haya haya: waandishi hawakuelezwa ada hadi makala zao zilipokubaliwa, na walipoomba kuziondoa walikataliwa au wakapuuzwa, hivyo wakakwama bila kuweza kuzipeleka kwingine. Mwaka wa 2019 mahakama ya shirikisho kule Nevada iliamuru walipe zaidi ya dola milioni 50. Kwa hiyo unapozuiwa kuondoa makala yako mwenyewe, usijione mshamba aliyevunja sheria za wasomi. Mtindo huo umewahi kufikishwa mbele ya jaji.

Na ukubwa wa tatizo ulipimwa mapema. Oktoba 2013, mwandishi wa habari John Bohannon alieleza katika *Science* jinsi alivyotunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye makosa ambayo msomaji yeyote angeyaona, akaituma kwa majarida 304. Majarida 157 yaliikubali. Alitumia majina ya Kiafrika ya kubuni na taasisi zisizokuwepo, mojawapo Asmara, kwa hesabu kwamba mhariri akiitafuta mtandaoni na kuikosa hatashangaa. Hilo sikulipenda, na silipendi hadi leo. Lakini tazameni alichofanya kila jarida lilipomkubalia: aliliandikia kwamba wamegundua kosa kubwa linaloharibu hitimisho, akauondoa mswada. Mtu aliyekuja kutega mtego, mwenye makala ya uongo na jina la uongo, alimaliza kwa barua ya kuondoa. Wenye makala za kweli tunashindwaje?

Kwa aliyenaswa, nasema hivi. Usitie saini fomu yoyote ya kuhamisha haki. Usilipe ada ambayo haikutajwa popote ulipotuma. Yapo majarida halali yanayotangaza mapema ada kwa anayeondoka baada ya kazi ya uhariri kukamilika. Hilo ni suala la kusoma masharti kabla ya kutuma, na ukilikubali umelikubali. Ankara inayozuka siku unayotaka kuondoka ni jambo jingine. Andika barua ya kuondoa, yenye tarehe, useme hujahamisha hakimiliki na huruhusu makala ichapishwe. Hifadhi nakala. Waarifu msimamizi wako na mkutubi wa chuo. Wakutubi wetu wanayajua majina haya kuliko tunavyodhani. Na kabla ya kutuma kwingine, litafute jarida katika DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, au kama ni la Afrika, katika AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, ambayo imekuwa ikiyakusanya majarida ya bara hili tangu 1998. Angalia pia kama tovuti ni ya jarida lenyewe, kwa sababu siku hizi kuna wanaonakili tovuti ya jarida la kweli, jina na namba vyote, na kubadilisha anwani ya malipo tu.

Limebaki swali moja ambalo huulizwa nje, chini ya miti, watu wakiona haya kuliuliza ukumbini. Matapeli hawajibu barua yangu ya kuondoa. Je, nisubiri milele? Hapana. Wape tarehe. Ikipita, mwandikie mhariri wa jarida jipya kabla ya kuwasilisha, umweleze yote: ulituma wapi, lini, uliomba kuondoa lini, na hawakujibu. Ambatisha barua zako zote. Jambo ambalo lingekuwa udanganyifu likifichwa, likiwekwa mezani huwa uamuzi wa mhariri. Mimi nikiletewa faili kama hiyo, nikaona tarehe zinafuatana na saini ya kuhamisha haki haipo, naipokea. Wapo wenzangu watakaotaka kwanza kuona kama matapeli wameichapisha, na wakiikuta imechapishwa watakataa, hata kama ni kwa dhuluma. Ndiyo maana barua ya kuondoa iandikwe siku ileile unayoshtuka, kabla hawajaipandisha mtandaoni.

Mwenyekiti, naona umeniangalia mara mbili. Nakurudishia kipaza sauti, na yule dada wa nyuma aliyeinua mkono tangu nilipowataja wasimamizi na aanze.